KUTOKA KABURETA HADI SENSA YA OKSIJENI: Historia ya Magari Makuukuu ya Handeni na Korogwe



Mtu asafiriye leo kutoka Korogwe kwenda Handeni hupita juu ya lami, kilomita 65 hivi, na magari mengi atakayopishana nayo ni Toyota zilizoletwa nchini zikiwa zimekwisha kutumika Japani. Hata hivyo, akitazama vizuri minadani, kwenye mashamba ya mkonge na nyuma ya gereji za Manundu, ataona pia Land Rover 109 za zamani na pikapu za Peugeot 504. Wenye magari hayo hawataki kuyauza kama vyuma chakavu. Wanataka yaendelee kufanya kazi, lakini kabureta zake zimechakaa, vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi, na petroli ni ghali. Kwa hiyo wapo wanaoyabadilisha: kabureta hutolewa, na badala yake hufungwa mfumo wa kupuliza petroli kwa nozeli, aghalabu pamoja na injini nzima ya Toyota.

Kazi hiyo ikifika mwisho, hubaki kipande kimoja kidogo, chenye umbo kama la plagi na waya zinazoning'inia. Ni sensa ya oksijeni. Mahali pake ni kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, lakini ekzosi ya gari kuukuu haina tundu la kuipokea. Hapo ndipo hutokea swali: tutoboe na kuchomelea, au tuikate tuitupe, maana gari linawaka hata bila hiyo?

Swali hilo laonekana dogo. Kwa kweli lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ndani ya historia hiyo yamo mambo yanayohusu mifuko yetu na afya ya watoto wetu. Nimeona yafaa kuieleza katika gazeti hili, kwa sababu wengi wetu tulijifunza seli za umeme katika Kemia ya sekondari bila kuambiwa kwamba siku moja tungeendesha gari lenye seli kama hiyo ndani ya ekzosi.

KABURETA NA MLIMA WA LUSHOTO

Petroli haiungui peke yake, yahitaji hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue yote bila kubakiza petroli wala oksijeni, zahitajika kilo 14.7 hivi za hewa. Petroli ikizidi kipimo hicho, gari hutoa moshi mweusi, plagi hujaa masizi, na fedha ya mwenye gari hutoka kwenye bomba. Hewa ikizidi sana, injini hukosa nguvu na kupata joto.

Kwa miaka mingi kazi ya kupima ilifanywa na kabureta. Hewa inayovutwa na injini hupita mahali pembamba, mwendo wake huongezeka, kani yake hupungua, na petroli hunyonywa kupitia kitundu kidogo kiitwacho jeti. Ni chombo cha akili, lakini hakijui matokeo ya kazi yake. Fundi akishachagua jeti na kurekebisha skrubu, kabureta huendelea vile vile, hali iwe nzuri au mbaya.

Watu wa Korogwe wanaujua udhaifu huo bila kusoma kitabu. Mji wao uko mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari likipita Mombo na kupanda hadi Lushoto, hufika kwenye mita 1,400 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ile ya Korogwe, lakini kabureta haipunguzi petroli kwa kadiri inayotakiwa. Ndiyo maana gari lililorekebishwa vizuri bondeni huanza kukohoa na kutoa moshi mweusi mlimani. Dereva wa zamani aliliona jambo hilo la kawaida, kama vile kuongeza maji kwenye rejeta.

TANZANIA ILIIFAHAMU NOZELI MAPEMA

Wapo wanaodhani kwamba injini za nozeli za petroli zilikuja kwetu pamoja na Toyota za miaka ya 1990. Sivyo. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalishindwa mwaka 1966, na tena mwaka 1967, na Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva waliotoka Dar es Salaam. Gari lao lilikuwa Peugeot 404 yenye pampu ya kupuliza petroli badala ya kabureta. Mwaka 1968 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena, likiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Sifa ya Peugeot katika Afrika Mashariki ilikuzwa sana na ushindi huo.

Lakini mfumo ule wa Peugeot ulikuwa wa vyuma vitupu. Pampu ilizungushwa na injini, na kiasi cha petroli kilipimwa kwa kufuata mwendo wa injini na mkanyago wa dereva. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa elektroniki, uliofungwa kwanza kwenye Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani. Huo ulikuwa na kompyuta ndogo iliyopokea habari za kani ya hewa, joto na mwendo, kisha ikaamua nozeli ifunguke kwa muda gani.

Hata hivyo mifumo yote miwili ilikuwa na upungufu mmoja na kabureta. Ilikuwa kama mpishi mwenye vipimo vizuri vya chumvi lakini haonji mchuzi. Chumvi ikibadilika, au sufuria ikiwa kubwa zaidi, hana njia ya kujua. Injini ilihitaji kitu cha kuonja moshi na kurudisha habari.

KAURI YA BWANA NERNST

Kitu hicho kilikuwa kimekwisha kuanza kutafutwa bila mtu kujua kitatumika wapi. Mwaka 1889, mwaka ambao Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani kule Pangani, mahali mto wetu wa Korogwe unapoingia baharini, mwanasayansi kijana wa Ujerumani aitwaye Walther Nernst alitangaza kanuni inayoonyesha jinsi tofauti ya wingi wa kemikali pande mbili za seli inavyozaa nguvu ya umeme. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma Kemia hukutana na jina lake mpaka leo.

Mwaka 1897, Nernst akiwa mjini Göttingen, alitengeneza taa ya ajabu. Kiini chake hakikuwa waya bali kijiti cha kauri ya zirkonia iliyochanganywa na itria. Kauri hiyo ikiwa baridi haipitishi umeme. Ikipashwa moto, hupitisha, na yenyewe hung'aa. Kwa hiyo taa ile ilibidi ipashwe moto kwanza ndipo iwake. Wakati huo huo reli ya Wajerumani ilikuwa ikivutwa pole pole kutoka Tanga. Ilikuwa imefika Muheza mwaka 1896. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Taa ya Nernst ilishindwa na taa za waya na kusahauliwa, lakini kauri yake haikupotea.

Kinachopita katika kauri hiyo ikiwa ya moto ni chembe za oksijeni zenye chaji ya umeme. Basi chukua kikombe kidogo cha zirkonia, kipake platinamu ndani na nje, kisha ukitie ndani ya bomba la moshi hivi kwamba nje yake iguse moshi na ndani yake iguse hewa ya kawaida. Hewa ina oksijeni nyingi. Moshi una kidogo. Tofauti hiyo huzaa umeme kwa kanuni ile ile ya mwaka 1889. Petroli ikiwa imezidi, oksijeni ya moshi huwa karibu imekwisha, na sensa hutoa volti 0.9 hivi. Hewa ikizidi, hutoa volti 0.1 hivi. Katikati, penye kipimo sahihi, volti huruka ghafla kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kompyuta ikiona volti ziko juu hupunguza petroli. Ikiziona chini huongeza. Huendelea hivyo bila kuchoka, mara nyingi kwa dakika moja.

Bosch ilianza kutengeneza sensa hiyo kwa wingi mwaka 1976, na gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Volvo ya mfululizo wa 240 na 260, iliyopelekwa Marekani. Jimbo la California lilikuwa na sheria kali za moshi, na watengenezaji walitakiwa kuzitimiza kama wanataka kuuza.

HABARI YA RISASI

Hapa historia inaingia upande wa giza.

Mwezi wa Desemba mwaka 1921, Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors ya Marekani, aligundua kwamba petroli ikichanganywa kidogo na kemikali ya tetraethili yenye madini ya risasi, injini huacha kugonga. Kugonga ni ule mlio wa chuma unaosikika gari linapolemewa na mzigo au mlima, kwa sababu petroli imelipuka kabla ya wakati wake. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mjini Dayton, Ohio, mwezi wa Februari 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda cha kemikali hiyo huko New Jersey walikufa kwa sumu yake. Hata hivyo, biashara iliendelea na kuenea dunia nzima.

Kwamba risasi ni sumu lilijulikana tangu kale. Kilichochelewa kukubaliwa ni kwamba ile inayotoka kwenye moshi wa magari, japo kidogo kidogo, huingia katika damu ya watu wote, na hasa huharibu ubongo wa mtoto anayekua. Mwanajiolojia Clair Patterson wa Marekani alipotoa ushahidi wake mwaka 1965 kwamba watu wa zama hizi wamejaa risasi kupita maumbile, alipingwa vikali na wenye viwanda. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa, ndugu msomaji, angalia jambo hili kwa makini. Marekani ilipoanza kuiondoa risasi katika petroli, sababu ya kwanza iliyosukuma mambo haikuwa mtoto. Ilikuwa kifaa. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 iliwasukuma watengenezaji wengi kufunga kwenye ekzosi chombo cha kusafisha moshi, chenye vitundu vingi kama sega la nyuki vilivyopakwa platinamu. Mafundi wetu hukiita masega. Risasi huifunika platinamu hiyo, na chombo hufa. Kwa hiyo vituo vikubwa vya mafuta vya Marekani vikaamriwa viwe na petroli isiyo na risasi kufikia mwezi wa Julai 1974, kabla magari ya modeli ya 1975 hayajatoka na masega. Sensa ya oksijeni, ambayo nayo imepakwa platinamu, ilikuja miaka miwili baadaye na kukuta petroli ya kuifaa. Baadaye vipimo vya damu vilionyesha kwamba risasi katika watu wa Marekani ilishuka pamoja na petroli ile. Ndipo hoja ya afya ikapata nguvu kubwa, na mwaka 1996 petroli ya risasi ikapigwa marufuku kabisa katika magari ya barabarani nchini humo.

MIAKA THELATHINI YA KUSUBIRI

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1966 mtambo wa kusafisha mafuta wa TIPER, wa ubia wa Tanzania na Waitaliano, ulianza kazi Kigamboni. Petroli iliyotumika nchini ilikuwa na risasi, kama ilivyokuwa karibu kila mahali duniani. Tena katika miaka ile ya 1970 tulikuwa na shida zilizotuzuia hata kuwaza habari za moshi. Vita vya Mashariki ya Kati vya mwaka 1973 vilifanya bei ya mafuta ghafi ipande karibu mara nne. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na njia ya vipuri vilivyotoka Nairobi ikafungwa pamoja nao. Ikafuata Vita vya Kagera, na bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Wazee wetu wanakumbuka marufuku ya magari ya binafsi kutembea siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana.

Ndiyo miaka iliyowafanya mafundi wa Tanzania kuwa hodari wa kufufua. Kabureta ya gari moja ilifungwa kwenye gari jingine, gasketi ilikatwa kutoka kwenye karatasi ngumu, na Land Rover ilitembea hata kama nusu yake ilitoka kwenye Bedford. Tusiwacheke kwa hilo. Bila wao mahindi ya Handeni yasingefika Korogwe.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakawa mengi. Yalitufaa kwa sababu Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Japani ilikuwa na sheria kali sana za moshi tangu mwaka 1978, kwa hiyo magari hayo yalifika yakiwa na nozeli, kompyuta, masega na sensa ya oksijeni.

Yalifika kwenye petroli ya risasi. Sensa iliyotengenezwa kwa petroli safi hudhoofika upesi inapopakwa risasi, kisha huacha kusema kweli, na kompyuta inayoisikiliza hupotoka. Nadhani hapa ndipo ilipozaliwa ile imani iliyobaki katika gereji nyingi mpaka leo, kwamba sensa ni kisumbufu tu na dawa yake ni kuikata. Fundi wa wakati ule hakuwa mjinga. Aliona kwa macho yake kwamba sensa zinaharibika na gari linakula mafuta. Ambacho hakuwa amepewa ni petroli ambayo sensa ingeweza kuishi nayo.

Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi 25 za Afrika Kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegali, wakakubaliana kuiondoa risasi katika petroli. Mwaka 2002, katika mkutano mkuu wa Johannesburg, ukaanzishwa ushirikiano wa serikali, kampuni na mashirika kwa kazi hiyo, ukiongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Ilipofika tarehe 1 Januari 2006, Afrika yote Kusini mwa Sahara ilikuwa imeacha kuzalisha na kuagiza petroli ya risasi. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Aljeria, iliyomaliza akiba yake mwezi wa Julai 2021.

Hesabu basi. Tangu sensa ya kwanza mwaka 1976 hadi petroli yetu ilipokuwa safi, imepita miaka thelathini. Katika miaka hiyo mama aliyeuza machungwa Michungwani, mtoto aliyekaa naye chini ya mti kando ya barabara kuu, na kijana aliyepakia mizigo stendi ya Korogwe, walivuta moshi wa risasi kila siku. Gari la kizazi kipya lilikuwa na masega ya kulindwa. Wao walikuwa na mapafu tu. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulikua katika miaka hiyo hiyo.

JINSI YA KUIFUNGA KWENYE GARI KUUKUU

Leo sababu ya zamani ya kuikata sensa imekwisha. Hata uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa umepungua tangu mwaka 2010, mafuta yalipoanza kutiwa vinasaba, na mwaka 2011, kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa hadi faida ya kuchanganya ikapotea. Kwa hiyo anayebadilisha Land Rover yake ana haki ya kumtaka fundi aifunge sensa inavyotakiwa. Haya ndiyo mambo ya kuangalia.

Kwanza, mahali. Sensa ikae pale mioshi ya silinda zote inapokutana, karibu na injini, ili ipate joto. Maana, kama taa ya Nernst, haifanyi kazi mpaka ifike nyuzi 300 hivi za sentigredi. Sensa za kwanza zilitegemea joto la moshi peke yake. Tangu mwaka 1982 zipo zenye kipasha moto cha umeme ndani, na hizo ndizo zifaazo gari kuukuu, kwa kuwa bomba lake huwa refu na lenye kupoa. Zitambue kwa waya tatu au nne badala ya moja.

Pili, ukao wake. Huchomelewa nati yenye nyuzi za ukubwa wa milimita 18, kwenye upande wa juu wa bomba, ili sensa isilale chini ya usawa. Moshi wa petroli una mvuke wa maji. Asubuhi bomba likiwa baridi mvuke huo huwa maji, na maji yakiigusa kauri ya moto huipasua. Kuchomelea kufanywe sensa ikiwa mbali, kamwe isiwe imefungwa mahali pake.

Tatu, mivujo. Land Rover nyingi kuukuu zina gasketi ya ekzosi iliyoungua au bomba lililotoboka kwa kutu. Tundu lililo mbele ya sensa huvuta hewa ya nje. Sensa huiona oksijeni hiyo, huiambia kompyuta kwamba petroli ni pungufu, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Watu hulaumu sensa, kumbe imesema kweli kuhusu bomba bovu.

Nne, sumu zilizobaki. Risasi imekwenda, lakini injini inayokula oili huipaka sensa masizi na majivu ya oili. Kadhalika baadhi ya gundi za silikoni zinazotumika badala ya gasketi hutoa mvuke unaoiua. Zitumike zile zilizoandikwa kwamba hazidhuru sensa. Grisi ya kuzuia kutu ipakwe kwenye nyuzi tu, isifike kwenye ncha.

Tano, kupima. Injini ikiwa ya moto, mita ya tarakimu ikiunganishwa kwenye waya wa habari ionyeshe volti zikipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9. Zikisimama mahali pamoja, upo ugonjwa, na si lazima uwe wa sensa.

Namwomba pia mwenye gari asisahau tangi. Pampu ya nozeli husukuma kwa nguvu nyingi kuliko ile ya kabureta, na kutu ya tangi la miaka hamsini huziba nozeli mpya kwa muda mfupi. Tena baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi kulinda viti vya valvu. Asiyebadilisha injini nzima amwulize fundi kuhusu viti vigumu vya kisasa.

Gari likishafungwa hivyo, mlima wa Lushoto hauna tena habari. Hewa ikiwa nyepesi, sensa huona, kompyuta hupunguza, na moshi mweusi hautoki.

MASEGA YETU YANAKWENDA WAPI?

Nimalizie kwa jambo la leo. Platinamu, paladi na rodi zilizomo ndani ya masega ni madini ya thamani, na kumetokea biashara ya kuyang'oa na kuyauza. Gari linawekewa bomba tupu, mwenyewe anapata fedha kidogo, na taa ya injini inayowaka hufunikwa kwa ujanja. Kisha gari hilo hilo huwasubiri watoto mbele ya geti la shule huku injini inanguruma.

Afrika ilisubiri miaka thelathini ili petroli yake isiue masega. Sasa petroli imekuwa safi, na masega tunayang'oa wenyewe. Sisi tulio katika utumishi wa umma tunajua kwamba sheria peke yake haitoshi, kwa sababu kila gereji haiwezi kuwekewa askari. Linalowezekana ni kwamba mwenye gari ajue anachokiuza, na fundi ajue anachokikata.

Kwenu ninyi wanafunzi mnaosoma Fizikia na Kemia: mafundi wengi wa Handeni na Korogwe wana mikono yenye ujuzi wa miaka mingi, lakini hakuna aliyewaeleza kanuni ya Nernst. Ninyi mnaieleza kwenye karatasi ya mtihani, lakini wengi wenu hamjawahi kushika spana. Likizo ijayo, nendeni gereji mkamsalimu fundi, mshike mita pamoja naye, na muone volti zikipanda na kushuka. Mtajifunza kwake, naye atajifunza kwenu.